Deni la Mwalimu wa Kwaya

Kwa miaka 2 nilikuwa mwalimu wa kwaya ya wanafunzi katika chuo chetu hapa Kampala. Katika muda huo, kwa karibu mwaka mzima, waimbaji 9 wa sauti ya pili waliimba kosa langu bila kujua kwamba ni kosa. Nilipoligundua niliwaacha walaumiwe wao. Insha hii inatokana na jambo hilo. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, mwalimu anayewaimbisha watu kwa kuwakaririsha, huku yeye peke yake akijua kusoma nota, anawatendea haki? Na kama hawatendei haki, anadaiwa nini?

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni swali la ufundi wa muziki tu. Hata mimi niliona hivyo kwa muda mrefu. Nitajaribu kuonyesha kwa nini nimebadili mawazo.

Wengi wenu mmewahi kuimba katika kwaya ya kanisa au ya shule, kwa hiyo utaratibu wetu hautawashangaza. Mwalimu anaanza na sauti ya kwanza. Anaimba mstari, wao wanarudia. Anaimba tena, wanarudia tena. Wengine wote wanasubiri na kuchezea simu zao. Kisha anakwenda kwa sauti ya pili, ya tatu na ya nne. Akiziunganisha zinagongana, na inabidi arudi mwanzo. Wimbo wa kurasa 3 ulituchukua wiki 2 au 3. Mwalimu akiugua, kwaya nzima inaugua naye. Mara moja nililala na malaria siku 6, na niliporudi nilikuta hawajasogea hata mstari mmoja, ingawa kila mtu alikuwa na karatasi yake mkononi. Katika karatasi ile walikuwa wakisoma maneno tu. Zile herufi zilizoandikwa juu ya maneno, d, r, m, f, s, l, t, pamoja na nukta na vistari vyake, kwao zilikuwa kama mapambo ya ukingo wa kanga.

Nakiri kwamba siku ile nilifurahi. Nilijiona ninahitajika.

Sasa nieleze kosa lenyewe. Wimbo ulikuwa wa Kiswahili, wa sauti nne, ulioandikwa kwa mkono na kutolewa nakala mara nyingi, kama zilivyo nyimbo nyingi zinazotufikia kutoka Tanzania. Niliufahamu tangu shule ya sekondari kwa kuusikia. Kwa hiyo nilipoufundisha sikuisoma karatasi, nilifundisha nilichokikumbuka. Mwishoni mwa kiitikio sauti ya pili ilipaswa kuimba sol, fe, sol. Fe ni fa iliyopandishwa nusu hatua. Mimi niliwaimbia sol, fa, sol. Kosa hilo halikuchukiza sikio hata kidogo. Sauti ya nne walikuwa kwenye re na sauti ya tatu kwenye la, na fa hukaa vizuri kabisa kati yao. Ila mahali ambapo mtunzi alitaka pang'ae, sisi tulipatia huzuni kidogo. Hakuna aliyeshtuka.

Kisha tukaalikwa kuimba wimbo huohuo pamoja na kwaya nyingine. Wao waliimba fe, sisi tukaimba fa, na ukumbi mzima ukasikia mgongano. Aliyekuwa akituongoza alisimamisha wimbo. Akaimbisha sauti ya pili ya kwaya ile nyingine peke yao, kisha ya kwetu. Akasema kwa upole kwamba sauti ya pili ya kwetu hawasikilizi. Nilitazama karatasi yangu. Ile herufi e ilikuwepo pembeni ya f, imefifia lakini inasomeka. Nilikuwa na nafasi ya kusema, “Kosa ni langu.” Badala yake niligeuka nikawatazama wale 9 kama mtu ambaye amewakanya mara nyingi. Mmoja wao, msichana wa mwaka wa kwanza, aliinamisha kichwa akaniomba msamaha.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Kusahau nota moja si dhambi. Kila mwalimu husahau. Uoga wangu ulikuwa kosa la maadili, na hilo halina mjadala. Lakini kuna jambo la tatu lililonisumbua zaidi: ni kitu gani kilichouwezesha uoga wangu kufanikiwa? Ushahidi dhidi yangu ulikuwa mikononi mwao, kwa maandishi, na hawakuweza kuutumia. Hali yao ilikuwa kama ya mzee asiyejua kusoma anayewekeshwa dole gumba kwenye hati ya shamba. Pengine anayemsomea hati ni mwaminifu. Lakini mzee hana njia ya kujua, na usalama wa shamba lake unategemea tabia ya mtu mwingine. Nikatambua kwamba hata kama nisingekosea kamwe, bado uhusiano wetu ulikuwa na kasoro, kwa sababu ukweli wa wimbo ulipita katika kinywa changu tu. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Umaskini wa waimbaji wangu ulikuwa wa namna hiyo.

Historia ya nota hizi inaonyesha kwamba tatizo hili ni la zamani. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, ndiye aliyezipa sauti majina kutokana na silabi zinazoanza mistari ya utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Guido aliwaona waimbaji wakitumia miaka 10 kukariri nyimbo na bado wasiweze kuimba wimbo mpya bila mwalimu. Akadai kwamba kwa njia yake mtu angeweza kuwa mwimbaji kwa mwaka 1 au 2. Jambo hilo halikuwafurahisha wote. Katika monasteri ya Pomposa, alikoanzia kazi hiyo, wenzake walimfanyia uhasama, naye akahamia Arezzo. Mimi sishangai sana. Mtu akishajua kusoma, yule aliyekuwa kisima pekee cha nyimbo hupungukiwa na wateja.

Njia tunayoitumia katika kwaya zetu ilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, alibuni utaratibu wa kuandika nyimbo kwa herufi, na mchungaji John Curwen akauendeleza kuanzia mwaka 1841, baada ya walimu wa shule za Jumapili kumwomba atafute njia rahisi ya kufundisha kuimba. Herufi zake zingeweza kupigwa chapa na mashine yoyote ya kawaida, kwa hiyo kitabu cha nyimbo kiliweza kununuliwa hata na watu wa kipato kidogo. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu na mwimbishaji wa Afrika Kusini, aliandika nyimbo zake kwa herufi hizo, na wimbo alioutunga mwaka 1897 ndio uliotoa tuni ya wimbo wa taifa wa Tanzania hadi leo. Chombo hiki, basi, kilikusudiwa tangu mwanzo kimfikie mtu wa kawaida. Sisi walimu wa kwaya tumekigeuza siri ya mtu mmoja aliyesimama mbele.

Hapo ndipo nilipoamua kufundisha kusoma. Utaratibu ulikuwa hivi. Nilichora ngazi ubaoni, do chini na do nyingine juu, nikaelekeza kwa fimbo bila kuimba. Tulianza na do, mi, sol, kwa sababu hizo ni nguzo ambazo sikio huzishika upesi. Kisha tukaongeza re na ti, mwisho fa na la. Nilitumia pia ishara za mikono alizozieneza Curwen: do ni ngumi, kwa kuwa imetulia, ti ni kidole kinachoelekea juu, kwa kuwa inataka kupanda kwenye do, fa ni kidole kinachoelekea chini, kwa kuwa inaegemea mi. Mapigo tuliyasoma peke yake kwa makofi. Tukipata mstari mpya, tuliuimba kwa majina ya nota, kisha kwa “la, la”, na maneno yalikuja mwisho. Sharti lilikuwa moja: katika usomaji wa kwanza hakuna kusimama. Aliyepotea asubiri pigo la kwanza la kipimo kinachofuata aingie tena.

Mwenzetu mmoja wa sauti ya tatu, anayetoka Bukavu, alipata shida ya pekee. Yeye alikulia katika mfumo wa Kifaransa, ambamo do haihami. Ni jina la sauti ileile siku zote. Karatasi yetu ikisema “Do ni G”, yeye alisikia upuuzi. Tulibishana naye jioni nzima, na ubishi huo ulitusaidia sote kuelewa kwamba majina haya ni makubaliano. Mtu akishayajua makubaliano, anaweza kumwambia yeyote, hata mwalimu, kwamba ameyavunja.

Gharama ilikuwepo. Kwa wiki 8 hatukujifunza wimbo mpya hata mmoja, na waimbaji 3 waliondoka wakisema walikuja kuimba, hawakuja darasani. Mimi mwenyewe nilichoona kigumu zaidi ni kunyamaza. Waliposhindwa mstari, ulimi wangu uliwasha. Kuwaimbia kungechukua sekunde 5 na kungewapatia wimbo. Lakini kila nilipowaimbia niliwarudisha pale walipokuwa.

Kuna hoja tatu dhidi yangu ambazo sina budi kuzijibu.

Ya kwanza ni ya kale sana. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anasimulia hadithi ya mfalme wa Misri aliyeletewa zawadi ya maandishi akaikataa, akihofu kwamba watu wakitegemea maandishi wataacha kutumia kumbukumbu zao. Hoja hii ina ukweli. Kwaya iliyokariri humtazama mwongozaji. Kwaya inayosoma huitazama karatasi. Nimeyaona hayo kwetu: baada ya kujifunza kusoma, baadhi yetu waliimba kama wanaokagua hesabu. Jibu langu ni kwamba kusoma ni njia ya kuuingia wimbo, na mtu akishaingia aifunge karatasi. Tena kumbukumbu ninayoitetea ni ile ambayo mtu anaweza kuirudia na kuikagua. Kumbukumbu yangu mimi ndiyo iliyozaa fa badala ya fe.

Hoja ya pili ni kwamba nota hizi ni za kigeni. Wapigaji wa amadinda wa Buganda hawakuhitaji do wala re. Hujifunza kwa kukaa na anayejua, na mikono yao hupishana kwa kasi ambayo msomaji wa karatasi haiwezi. Ngazi yao ina sauti tano ambazo nafasi zake zinakaribia kulingana, kwa hiyo haikai sawasawa ndani ya do, re, mi. Ninaikubali hoja hii kabisa kama onyo. Solfa ni kipimo cha aina moja ya muziki, na mtu akiitumia kuipima amadinda atasema imekosewa, kumbe kilichokosewa ni kipimo. Lakini kwaya yangu haikuwa ikipiga amadinda. Tulikuwa tukiimba nyimbo za sauti nne zilizoandikwa kwa herufi hizo. Ukimpa mtu wimbo wa kigeni na kumnyima ufunguo wake, hujamlinda na ugeni. Umemfanya mgeni wa kudumu.

Hoja ya tatu sikuisoma katika kitabu. Katika kwaya yetu yuko mama mmoja anayepika katika kantini ya chuo. Anaimba sauti ya pili, na alianza kuimba kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Shule hakwenda mbali. Wiki ya tatu alinifuata akaniambia, “Mwalimu, kwangu mimi wimbo huingilia sikioni. Ukiufungulia mlango mwingine, mimi nitabaki nje.” Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeondoa ukuta kati yangu na wengine, na papo hapo nikajenga mwingine kati ya mama huyu na wenzake. Nilifikiria kumlazimisha, kisha nikafikiria kumsamehe masomo kwa huruma. Yote mawili yalikuwa maamuzi yangu juu yake bila yeye. Mwishowe nilimuuliza anataka nini. Akasema ishara za mikono atajifunza, herufi hapana, na akachagua kusimama kando ya yule msichana wa mwaka wa kwanza. “Yeye anisomee, mimi nimshikie,” alisema. Hadi leo hasomi. Lakini kwaya inapoanza kushuka, kama zinavyoshuka kwaya zote zinazoimba bila kinanda, yeye hashuki, na wasomaji wote wa sauti ya pili humfuata.

Mama huyu alinifundisha mpaka wa hoja yangu. Deni la mwalimu ni kuufungua mlango na kuuacha wazi. Hana haki ya kumpima mtu kwa mlango alioingilia. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka elimu imjengee mtu akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akichagua kinachomfaa, na hali ya kujiamini kwamba yeye ni huru na sawa na wenzake. Tukiisoma vizuri, fikra hiyo haisemi kila mtu ajitegemee kwa kila kitu. Msichana na mama wanategemeana, na kila mmoja anajua anachompa mwenzake. Wale 9 walinitegemea mimi, nami sikuwategemea kwa lolote nililolikiri.

Sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda tunalielewa jambo hili katika masomo yetu. Wengi wetu tulikisikia Kiswahili kwanza kwa askari na madereva wa malori. Leo mhadhiri akitamka neno tusilolijua, tunafungua kamusi. Sijaona mhadhiri aliyeheshimiwa kidogo zaidi kwa sababu hiyo, na wale tunaowaheshimu zaidi ndio hutuambia tuifungue.

Baada ya zile wiki 8 niliurudisha ule wimbo. Nilikuwa nimekwisha kuwafundisha fe. Sikusema lolote, niliwaomba wausome kama wimbo mpya. Walipofika kwenye kiitikio, 4 waliimba fe na 5 wakaimba fa waliyoizoea. Wakasimama. Yule msichana akaitazama karatasi, kisha akanitazama. Hapo nikawaeleza yote, pamoja na siku ile ya ukumbini. Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alisema, “Kwa hiyo niliomba msamaha bure.” Nilimwomba msamaha mbele ya kwaya nzima, na ilimchukua muda kabla ya kuzungumza nami kama zamani. Naona alikuwa na haki. Kumfundisha mtu kusoma hakufuti kosa ulilomtendea alipokuwa hasomi.

Muhula uliofuata tulikuwa tukijifunza wimbo mwingine. Niliwasahihisha sauti ya pili mahali fulani, na msichana huyo akainua mkono. “Mwalimu, umetuimbia la, lakini hapa pameandikwa sol.” Kwaya ikanyamaza. Tukainama sote juu ya karatasi. Ilikuwa la, alikuwa amesoma mstari wa sauti ya tatu. Akacheka, mama wa kantini akamgonga bega, tukaendelea.

Alikuwa amekosea, na mimi nilikuwa sahihi, lakini safari hii nisingeweza kuwa sahihi bila wao kuona. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nikidaiwa.